Jinsi ya kulinganisha aloi za nikeli na za kobalti

Nikeli tupu na kobalti tupu ukiziweka mezani ni kama pacha. Namba ya atomu ya nikeli ni 28, ya kobalti 27. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1455, kobalti 1495 (joto lote humu ni la Selsiasi). Sentimita moja ya ujazo ya yoyote kati yao ina uzito unaokaribia gramu 8.9, na zote mbili hushikwa na sumaku. Anayeishia hapo atasema hakuna cha kulinganisha.

Sasa fungua turbini ya gesi ya kuzalisha umeme. Safu ya mapanga yanayozunguka ni aloi ya nikeli. Safu tulivu iliyo mbele yake, inayoielekeza gesi ya moto, katika mitambo mingi imesubiwa (metali iliyoyeyuka ikamiminwa kwenye kalibu) kwa aloi ya kobalti kama FSX-414. Kati ya safu hizo pana nafasi ndogo tu, gesi ni ile ile, lakini aliyebuni mtambo alichukua metali mbili. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo haionekani katika namba za metali tupu. Mwongozo huu ni wa namna ya kuitafuta, kwa mhandisi kijana, fundi wa karakana au mwanafunzi aliyepewa majina mawili ya aloi akaambiwa achague.

Hatua ya 1: Anza na kazi

Kabla ya kufungua karatasi ya data, chukua kalamu uandike: "Sehemu hii itaharibika kwa..." kisha umalizie. Itarefuka polepole ikiwa imebeba mzigo kwenye moto? Italika kwa kusuguana na mwenzake? Itatobolewa na asidi? Itapasuka kwa kupashwa na kupoa kila siku? Sehemu moja inaweza kuwa na maadui watatu, lakini karibu kila mara yupo mmoja anayefika kwanza, na ulinganisho wote unamtegemea huyo.

Chini ya sentensi hiyo andika joto la juu kabisa na litadumu saa ngapi, mzigo ni wa kudumu au wa kupanda na kushuka, kinachoigusa sehemu ni nini, na hewa au kimiminika kinachoizunguka kimebeba nini: salfa, kloridi, mchanga. Nimeshuhudia watu wakibishana saa nzima kuhusu nikeli na kobalti, mmoja akiwa na panga la turbini kichwani na mwenzake akiwaza kiti cha vali. Wote wawili walikuwa sahihi.

Hatua ya 2: Soma muundo, usitosheke na jina la ukoo

"Aloi ya nikeli" maana yake nikeli ndiyo yenye fungu kubwa kuliko nyingine. Haina maana kwamba kobalti haimo. CMSX-4, aloi ya mapanga ya injini za ndege inayosubiwa iwe fuwele moja nzima, ni ya nikeli, lakini ina kobalti inayokaribia asilimia 10. Haynes 188 ni ya kobalti, na ndani yake nikeli ni kama asilimia 22. MP35N zinagawana sawa kwa sawa, 35 kwa 35. Kwa hiyo ukiambiwa kazi fulani haitaki nikeli, au haitaki kobalti, omba cheti cha muundo.

Nitatumia aloi tatu kama mfano hadi mwisho. Inconel 718 ina nikeli asilimia 50 hadi 55, kromi 17 hadi 21, niobi karibu 5, molibdenamu karibu 3, na titani na alumini kidogo. L-605 ni ya kobalti, yenye kromi asilimia 20, tungsteni 15 na nikeli 10. Stellite 6 nayo ni ya kobalti, yenye kromi 27 hadi 32, tungsteni 4 hadi 6, na kaboni karibu 1.

Tazama hiyo kaboni. Katika 718 hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.08, katika Stellite 6 ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Mimi jicho langu huenda kwanza kwenye kaboni, alumini, titani na niobi, kwa sababu hapo ndipo nguvu inapotoka, na koo hizi mbili hazipati nguvu kwa njia moja.

Katika nikeli, alumini na titani huungana nayo na kujenga chembe ndogo mno, za muundo wa Ni3Al (atomu tatu za nikeli kwa moja ya alumini), zinazoitwa gama praimu. Katika 718 kazi kubwa hufanywa na ndugu yake wa nikeli na niobi. Chembe hizi hujaa ndani ya metali na kuzuia matabaka ya atomu yasiteleze. Katika CMSX-4 huchukua karibu asilimia 70 ya ujazo. Kitu cha ajabu, na hadi leo hunifurahisha nikikieleza, ni kwamba Ni3Al huongezeka nguvu kadiri inavyopashwa, mpaka nyuzi 700 au 800 hivi, ndipo inaanza kushuka. Metali nyingi hufanya kinyume.

Aloi za kobalti za kawaida hazina chembe hizo. Zinategemea kabidi, yaani kromi na tungsteni zilizoungana na kaboni, na zinategemea tabia ya kobalti yenyewe. Nikeli hupanga atomu zake kwa mtindo mmoja wa mchemraba hadi inapoyeyuka. Kobalti ina mitindo miwili: juu ya nyuzi 420 hivi ni mchemraba, chini yake ni wa pembesita. Mitindo hiyo imekaribiana sana, hivyo aloi ya kobalti ikibanwa au ikisuguliwa, tabaka la juu linaweza kugeuka kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine na kuwa gumu papo hapo. Ukitaka picha ya kukumbuka: nikeli iliyokomazwa (iliyopashwa hadi chembe zake zikajengeka) ni unga uliochanganywa na punje ndogo kupita kiasi, na Stellite ni zege lenye kokoto.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walionyesha kwamba hata kobalti inaweza kupata chembe za aina ya gama praimu ikiunganishwa na alumini na tungsteni. Ni njia inayovutia, ila tungsteni nyingi huongeza uzito, na katika aloi zile za mwanzo chembe ziliyeyukia ndani ya metali kabla ya nyuzi 1000.

Hatua ya 3: Uliza imepitia moto gani

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo usipite haraka. Inconel 718 iliyolainishwa kwa joto huanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo ulio chini ya megapaskali 550. Ipashe nyuzi 720 kwa saa 8, ishushe taratibu hadi 620, iache hapo mpaka jumla itimie saa 18, na viwango vya vyombo vya anga vitaidai isianze kupinda kabla ya 1034 na isikatike kabla ya 1276. Muundo ni ule ule, nguvu karibu maradufu.

Niliwahi kupewa fito mbili zenye namba moja ya aloi. Kwa macho usingezitofautisha. Nilipozipima ugumu, ya kwanza ilisoma 41 kwa Rockwell C. Ya pili haikufika hata 20 na ikabidi nihamie kipimo cha B, cha metali laini zaidi. Moja ilikuwa imekomazwa, nyingine bado, na zote zilikuwa zimeandikiwa kazi moja.

L-605 haikomazwi namna hiyo. Huuzwa ikiwa imelainishwa, ikianza kupinda kwenye megapaskali 450 hivi, na ukitaka nguvu zaidi unaifua ikiwa baridi. Basi ukiandika "718 ni 1034, L-605 ni 450, nikeli imeshinda", umesema kweli kuhusu boliti isiyopata moto. Kuhusu bati la ndani la chumba cha mwako lenye nyuzi 900 hujasema kitu, maana kwa joto hilo chembe zilizoipa 718 nguvu zimekwisha kuharibika. Kila namba unayonakili iandikie pembeni: imesubiwa au imefuliwa, imelainishwa au imekomazwa, na unene wa kipande kilichopimwa.

Hatua ya 4: Weka namba kwenye joto moja

Chora jedwali. Safu za juu ziwe viwango vya joto: la kawaida, 540, 650, 760, 870, na hilo la kazi yako. Jaza kwa majaribio ya kuvuta yaliyofanywa kwenye joto hilo hilo. Pengo likibaki liache wazi, usilijaze kwa kukisia. Utaona 718 ikitawala hadi nyuzi 650, kisha ikiporomoka, wakati aloi za kobalti zinashuka mteremko mpole.

Usisaidiwe na kiwango cha kuyeyuka. 718 huanza kuyeyuka kwenye 1260 na L-605 kwenye 1330, lakini nyuzi hizo 70 hazikuambii lolote kuhusu mzigo.

Kwa sehemu inayozunguka, gawanya nguvu kwa densiti, kwa kuwa uzito wenyewe ndio mzigo. 718 ina densiti 8.19: 1034 ÷ 8.19 ni 126. L-605, kwa ajili ya tungsteni, ina 9.13: 450 ÷ 9.13 ni 49. Kwa sehemu iliyotulia hesabu hii haina uzito mkubwa.

Kupanuka kwa joto na kupitisha joto unaweza kuvipita upesi kama mashindano ni ya koo hizi mbili peke yake, kwa sababu hazipishani sana. Fito ya 718 yenye milimita 200 ikipanda nyuzi 600 hurefuka kama milimita 1.8, na nyingi za kobalti zitakuwa karibu na hapo. Vichunguze pale tu sehemu inapofungwa pamoja na chuma cha pua cha kawaida, kinachorefuka zaidi.

Na sumaku isikuhukumie. Kromi huiondolea karibu kila aloi ya koo hizi mvuto wa sumaku. Monel 400, ya nikeli na shaba, hubadilika karibu kabisa na joto la chumba: kipande kinaweza kushika sumaku asubuhi ya baridi na kuiachia ukikichovya kwenye maji ya moto. Ni jaribio zuri la kumwonyesha mwanafunzi, lakini si njia ya kutambua aloi.

Hatua ya 5: Mzigo wa muda mrefu

Metali iliyobeba mzigo kwenye moto huendelea kurefuka hata kama mkazo ni mdogo. Tatizo ni kwamba mtengenezaji mmoja hutoa matokeo ya saa 100 na mwingine ya saa 1000. Chombo cha kuwakutanisha ni kipimo cha Larson na Miller: chukua joto kwa kelvini (nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273), zidisha kwa jumla ya 20 na logi ya saa (ya msingi wa 10).

Tuseme kazi yako ni nyuzi 800 kwa saa 1000. Hiyo ni kelvini 1073, na logi ya 1000 ni 3, kwa hiyo 1073 × 23 = 24,679. Data uliyo nayo ni ya saa 100, ambayo logi yake ni 2. Gawanya 24,679 kwa 22, unapata kelvini 1122, yaani nyuzi 849. Basi tafuta mkazo unaokata aloi hiyo kwa saa 100 kwenye 849, ndio utakaolingana na kazi yako. Hiyo 20 ni ya mazoea, si sheria, kwa hiyo usivuke zaidi ya mara kumi ya muda uliopimwa.

Ukimaliza hesabu, aloi za nikeli zenye gama praimu nyingi zitakuwa juu katika sehemu kubwa ya jedwali. Hapo ndipo turbini ile inapoeleweka. Mapanga yanayozunguka yanavutwa nje kwa nguvu kubwa, hayana budi kuwa ya nikeli. Yaliyotulia hayavutwi na chochote isipokuwa msukumo wa gesi, ila moto wao ni mkali zaidi, yanapashwa na kupozwa, na yakipata nyufa fundi anataka kuyachomelea na kuyarudisha kazini. Kobalti yenye kabidi inakubali kuchomelewa. Nikeli yenye alumini na titani nyingi mara nyingi hupasuka kando ya mshono.

Hatua ya 6: Msuguano, ambako ugumu hudanganya

Pima 718 iliyokomazwa: Rockwell C karibu 40. Pima Stellite 6: karibu 40 pia. Kwa ugumu ni sare. Sasa zisuguanishe bila mafuta, 718 kwa 718, na Stellite kwa Stellite, kwa mgandamizo mzito.

Nyuso za 718 zitang'ang'aniana. Kwa lenzi ya mkononi utaona kijimfereji, na mwisho wake kilima cha metali iliyong'olewa upande mmoja na kubandikwa upande wa pili, kingo zake zimechanika kama karatasi. Uso wa Stellite utakuwa na mikwaruzo myembamba na mng'ao. Kabidi zake, zinazochukua zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya metali, ni ngumu mara nyingi kuliko metali iliyozishika, na metali hiyo yenyewe inageuka kuwa ngumu pale inaposuguliwa. Kipimo cha Rockwell kinabonyeza yote kwa pamoja na kukupa wastani, hivyo hakiioni tofauti hiyo. Mmarekani Elwood Haynes, aliyepata hataza za aloi za kobalti na kromi mwaka 1907, alivutiwa na mng'ao huo usiofifia kiasi cha kuziita Stellite, kutoka neno la Kilatini la nyota.

Kwa hiyo usilinganishe ugumu, linganisha jaribio linalofanana na adui wako. ASTM ni shirika la viwango la Marekani: jaribio lake la G98 hubana kitufe na kukizungusha mara moja kuona kama nyuso zitang'ang'aniana. ASTM G65 humwaga mchanga mkavu mbele ya gurudumu la mpira. Matokeo ya jaribio moja hayatabiri ya lile lingine, na mchanga ukiwa ndio adui, nikeli inarudi ulingoni: zipo aloi za nikeli zenye kromi, boroni na silikoni zinazofika Rockwell C 55 na kuzidi, na ukizitia kabidi za tungsteni zinaiacha Stellite 6 mbali.

Hatua ya 7: Asidi, maji ya bahari na gesi ya moto

Kwenye kimiminika, anza na nikeli. Hastelloy C-276, yenye molibdenamu na kromi karibu asilimia 16 kila moja, huvumilia asidi na kloridi ambazo chuma cha pua hakizimudu. Stellite zina kromi nyingi kwenye karatasi, lakini sehemu yake imefungwa ndani ya kabidi na haiulindi uso.

Kwenye gesi ya moto yenye salfa mambo hugeuka. Nikeli na salfa huweza kufanya mchanganyiko unaoyeyuka karibu na nyuzi 640. Wa kobalti na salfa huyeyuka karibu na 880. Kinachobaki kigumu kwa kobalti kinaweza kuwa tayari ni kimiminika kinachotafuna mipaka ya fuwele za nikeli. Juu ya nyuzi 1000, pasipo salfa, nikeli yenye alumini ya kutosha ina nafasi nzuri zaidi, kwani ngozi yake ya oksidi ya alumini hudumu, wakati oksidi ya kromi inayozilinda aloi nyingi za kobalti huanza kupeperuka.

Hatua ya 8: Peleka orodha karakanani

Aloi zote hizi hukerezeka kwa tabu. Chuma cha kawaida hupitisha joto mara nne au zaidi ya 718, ndiyo maana kwenye 718 moto hubaki kwenye ncha ya kisu cha lethi. Kisu kikisita na kusugua badala ya kukata, uso unakuwa mgumu, na mkato unaofuata unaanza na ngozi ngumu kuliko ule wa kwanza. Kisu kiwe kikali, kisisimame katikati ya mkato. Stellite 6 mara nyingi humaliziwa kwa jiwe la kusaga, na inapovikwa juu ya chuma kwa kuchomelea, pasha chuma kwanza na uifukie ipoe polepole, la sivyo utasikia mlio wa ufa ukiwa umeshavua glavu.

Hatua ya 9: Mambo yanayofuta jina moja kwa moja

Ndani ya mtambo wa nyuklia, kobalti inayolika na kusafirishwa na maji hugeuka kobalti-60, yenye nusu uhai wa miaka 5.27 na mionzi mikali ya gama. Wabunifu wanaikwepa kila inapowezekana. Nikeli nayo huzaa kobalti-58, ila hiyo hupungua nusu kwa siku 71 tu.

Ndani ya mwili, aloi ya kobalti, kromi na molibdenamu ya kiwango cha ASTM F75 imezoeleka kwenye viungo bandia, na nikeli yake haizidi asilimia 0.5. L-605 ina 10. Kwa mgonjwa ambaye ngozi yake hukataa nikeli, hizo mbili si kitu kimoja ingawa zote zinaitwa za kobalti. Vumbi la metali zote mbili ni hatari kwa mapafu. Kifyonza vumbi kiwekwe kabla ya jiwe la kusaga kuwashwa.

Mwisho tazama upatikanaji. Kobalti nyingi duniani huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na vita vya jimbo la Shaba nchini humo mwaka 1978 vilitikisa soko kiasi cha kuwafanya wabunifu watafute aloi zenye kobalti kidogo.

Mfano mmoja: vali ya mvuke wa nyuzi 540

Kiti na diski: zitaharibika kwa kung'ang'aniana zikifungwa kavu. Hatua ya 6 inaamua, tunazivika Stellite 6, unene wa milimita chache juu ya mwili wa chuma. Boliti za kifuniko: zitaharibika kwa kurefuka polepole hadi kifuniko kianze kuvuja. Hatua ya 3 na ya 5 zinaamua, na hapo tunachukua 718 iliyokomazwa au Nimonic 80A, aloi nyingine ya nikeli. Mvuke ni safi, hatua ya 7 haina neno. Ikiwa vali hiyo hiyo inakwenda kwenye mtambo wa nyuklia, hatua ya 9 inafuta Stellite, na tunarudi hatua ya 6 kutafuta aloi isiyo na kobalti, tukiwa na matokeo ya G98 mkononi na si ugumu.